Mnada wa urithi kwa ajili ya skolaship ni sawa, ila mchongaji asigeuzwe mfadhili bila kuulizwa

Kuna mjadala unaendelea kwa watu waliosoma sekondari moja ya huku kwetu Mtwara, na mi naona ni mkubwa kuliko hata hiyo shule yenyewe. Umoja wao unataka kufanya usiku wa utamaduni wa Kusini, kuwe na sindimba, vyakula vya kwetu, picha za shule za enzi hizo, halafu pembeni ya ukumbi zipangwe meza zenye vinyago, mikeka, vyungu na kanga za zamani. Kila kitu kinakuwa na karatasi mbele yake, unapita unaandika bei yako, mwingine akija anaandika juu ya yako, ikifika saa tatu usiku karatasi zinakusanywa na aliyeandika kubwa ndo anaondoka na mzigo. Wenyewe wanauita mnada wa kimya kimya na pesa yote inaenda kusomesha watoto. Wapo walioupokea kwa mikono miwili, wapo wanaosema huko ni kuwauzia utamaduni wetu wenye pesa wa Dar, na wapo wanaouliza tu kwa nini tusichange kama siku zote yakaisha.

Msimamo wangu niuseme mapema. Mnada naukubali. Ninachokipinga ni namna vitu vya kuuzwa vinavyotafutwa, nitafika huko.

Kwanza kuna hoja inarudiwa sana kwamba elimu ni bure sasa hivi, skolaship ya nini. Ni kweli ada ya sekondari za serikali iliondolewa 2016 kwa kidato cha kwanza mpaka cha nne na mwaka 2022 ikafuata ya kidato cha tano na sita, lakini ada ilikuwa 20,000 kwa mtoto wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni, haikuwahi kuwa ndo mzigo wenyewe. Mtoto wa Nanyumbu akipangiwa form five Kagera fomu ya kujiunga inamtaka godoro, shuka, ndoo, sare, viatu, rimu ya karatasi, jembe au fyekeo, michango ya shule juu, na nauli ambayo inabidi imfikishe Dar kwanza ndo aanze safari ya pili ya kwenda huko kwenye ziwa. Na anatakiwa kuripoti Julai. Mzazi anayeishi kwa korosho Julai hana kitu mfukoni, korosho zinaanza kuuzwa Oktoba, kwa hiyo hata yule ambaye kwa mwaka mzima anaweza kumudu, mwezi ule hamudu. Mtoto kama huyo hahitaji hela nyingi, anahitaji hela ya wakati. Af kuna wale wa VETA, vyuo vya ufundi stadi, ambao bodi ya mikopo ya wanafunzi haiwahusu kabisa, wenzao wa digrii ndo wenye mlango na kuanzia 2023/24 ukafunguliwa na kwa baadhi ya kozi za diploma. Fundi umeme wa kesho hana pa kugonga hodi zaidi ya kwa ndugu zake. Kwa hiyo uhitaji upo, hilo tusilumbane.

Sasa wanaosema tuchange tu kama kawaida. Hawa wana hoja nzuri moja, mchango hauna gharama, hakuna ukumbi, hakuna MC, hakuna mapambo, unatuma kwa simu na shilingi yote inafika. Lakini wote tunajua hali ya michango ilivyo. Grupu moja la harusi, jingine la send-off, msiba, matibabu, ujenzi wa msikiti, na mtu mwenye mshahara wa ualimu anachagua nani amjibu na nani amsome tu akae kimya. Mnada unamtoa mtu pesa kwa njia nyingine, anaondoka na kitu mkononi. Na sio jambo geni kwetu, nenda kanisani Masasi au Ndanda siku ya mavuno uone jogoo mmoja anavyouzwa, mtu ananunua kwa bei ya mbuzi halafu anamrudisha mezani auzwe tena, watu wanacheka na pesa inaingia. Hapo ndo kuna kitu ambacho mnada wa kimya utakikosa, ile raha ya sauti, na mimi ningeshauri kamati ya maandalizi ibakize vitu viwili vitatu vya kunadi kwa mdomo mwishoni.

Ila karatasi ina uzuri wake, na watu wa Mtwara na Lindi ndo wa mwisho kuambiwa hawaujui mnada usio na kelele. Tumeuza korosho kwa stakabadhi ghalani tangu 2007, yaani mkulima anapeleka mzigo ghalani, anapewa risiti yake, mzigo unasubiri mnada, na miaka yote hiyo wanunuzi walikuwa wanaandika bei na tani wanazotaka, barua zinaingia kwenye sanduku, sanduku linafunguliwa mbele ya wakulima na bei zinasomwa moja moja kila mtu anasikia, mpaka juzi juzi hapa mambo yalipohamia kwenye mfumo wa kompyuta wa soko la bidhaa, TMX. Na mkulima alikuwa na haki ya kukataa. Oktoba 2018 walikataa kweli, bei za mnada wa kwanza zikagoma kuwaridhisha, hadi serikali ikaingia kununua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo. Mengi yaliyofuata pale hayakuwa mazuri, malipo yalichelewa na watu waliumia, lakini ile haki ya mwenye mali kusema hapana kwa bei hii siuzi, ilikuwepo na ilitumika.

Niiguse kidogo tofauti ya sanduku na karatasi ya wazi kwa sababu kamati inaichukulia kama jambo dogo na sio dogo. Karatasi ya wazi ikiwa na majina, akipita mkubwa mmoja akaandika laki tatu, nani mdogo wake kikazi ataandika laki tatu na ishirini juu ya jina lile? Heshima zetu tunazijua. Kitu kitaishia hapo na mtoto wa shule ndo amepoteza. Tumieni namba badala ya majina, kila mgeni apewe namba yake mlangoni, au vile vitu vikubwa viwekewe sanduku la bahasha kama la korosho. Na yule mwalimu wa Newala mwenye elfu thelathini yake naye awekewe vitu vya kuanzia elfu kumi, asiwe mpiga makofi usiku mzima.

Sasa nije kwa mchongaji. Mpango ulivyo ni kwamba wachongaji, wafinyanzi na wasusi wa mikeka "wataombwa kujitolea" kazi zao. Limeandikwa hivyo hivyo kirahisi, kama vile kazi hizo zinaokotwa njiani.

Kinyago cha ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, babu chini na watukuu juu, unatoka kwenye gogo moja la mpingo. Unaanza kwa kuondoa ile sehemu nyeupe ya nje kwa tezo mpaka ukutane na moyo mweusi, na moyo wenyewe mara nyingi umepinda au una tundu, kwa hiyo mchongaji anakaa analiangalia gogo kwanza linamruhusu nini. Mpingo ni mgumu, unakula chuma, tezo na patasi zinanolewa kila saa. Halafu ndo unaanza kutoboa kati ya mikono na miguu, sehemu ambayo pigo moja likikosea kichwa cha mtu kinaondoka na kazi ya siku nyingi imekwisha. Baada ya hapo msasa, mkubwa kwenda mdogo, mpaka mti ung'ae wenyewe. Na gogo lenyewe lina kibali na lina bei, Kilwa huko vijiji vinauza mpingo wa misitu yao kwa utaratibu na ni jambo jema kabisa, maana yake ni kwamba mchongaji ametoa hela kabla hajashika tezo.

Tuseme kinyago hicho mwenyewe angekiuza 150,000. Mnadani kikaenda kwa 500,000. Mtangazaji atamwita aliyenunua jukwaani, atapigiwa makofi, picha, ataitwa mfadhili. Aliyetoa kubwa kuliko wote kwa kulinganisha na alichonacho ni yule mzee ambaye hata kadi ya kuingia ukumbini hakupewa, na inawezekana kabisa kwamba mjukuu wake ndo anatafuta hela ya godoro. Hapo tumesomesha nani kwa pesa ya nani?

Watu wa kamati wana jibu, na sio jibu la kipuuzi. Wanasema tukimlipa kila mtu bei yake faida inapungua, na mchongaji anapata jina, wateja watamjua. Kupungua ni kweli inapungua. Kwa mfano wangu ule badala ya laki tano mfuko unapata laki tatu na nusu. Lakini hizo laki tatu na nusu zimetoka kwa mwenye nazo, na jina peke yake halinunui unga. Mwenye kazi aulizwe bei yake ya chini, iandikwe, isipofikiwa kitu kirudi kwake, ikizidi ziada iende kwa watoto, na akitaka mwenyewe kutoa yote bure atoe akijua. Ni haki ileile tuliyoidai kwenye korosho, sioni kwa nini tuinyime vinyago.

Wale wa "mnauza utamaduni" nao niwape haki yao. Kinyago cha kuuza kimechongwa kiuzwe, Wamakonde wamekuwa wakichongea soko miaka na miaka, soko la vinyago la Mwenge pale Dar linasimama kwa ajili hiyo, hakuna aibu. Lakini nimesikia kwamba kuna mtu ameahidi kuleta kinyago cha mapiko cha babu yake, kile cha kuvaa kichwani kwenye ngoma za jando, na mwingine vifaa vya unyago. Hivyo hapana. Mapiko yana masharti ya nani ayaone na lini, huwezi kuyaweka mezani karibu na soda kisa shughuli ni njema. Na tuna historia hapa: kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984, kikaja kuonekana kwenye jumba la makumbusho la Barbier-Mueller kule Geneva, na kilirudi nyumbani 2010 baada ya mazungumzo marefu. Nchi ihangaike miaka yote hiyo kurudisha kimoja halafu sisi tutoe kingine kwa kuandika namba kwenye karatasi? Na vitu vya kale vina sheria yake tangu 1964, huwezi kuviuza bila leseni, kwa hiyo kamati isije ikajikuta pabaya.

Wanaojibu kwamba kilichofichwa kinakufa nao wana ukweli, vijana wengi waliokulia Mbagala hawajawahi kuona ngoma ya kwao hata moja. Basi kionyeshwe kinachoruhusiwa kuonyeshwa, wazee wenyewe waseme kipi, na mezani viongezwe vitu visivyomtoa mtu urithi: familia kupelekwa Kilwa Kisiwani na mtu anayeyajua magofu, siku nzima kwenye mji mkongwe wa Mikindani, gunia la korosho zilizobanguliwa vizuri, au safari ya Tendaguru na simulizi ya ile mifupa ya dinosaria iliyochimbwa 1909 mpaka 1913 ikaishia Berlin.

Na shughuli ifanyike huku Mtwara, Desemba, watu wa Dar wakija likizo na malipo ya korosho yakiwa yameshaanza kuingia, sio kwenye hoteli ya Dar ambako ukumbi peke yake utakula hela ya godoro za darasa zima. Pesa ya Desemba itakaa miezi saba kabla watoto hawajaripoti Julai, na miezi saba ni mingi kwa akaunti yenye saini za marafiki wawili. Saini ya tatu iwe ya mwalimu aliyeko shuleni, na taarifa ya benki itumwe kwenye grupu kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichotoka.