Kazi ndogo waachiwe wageni

Kwenye mradi wowote mkubwa wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha, kuna kazi ndogo ndogo zinazokaa bila kuguswa: maelezo yaliyopitwa na wakati, kitufe kinachojificha kwenye skrini ya simu, ujumbe wa hitilafu usiomwambia mtu afanye nini. Mzoefu angezimaliza jioni moja. Lakini wapo wasimamizi wanaoziacha kwa makusudi na kuzibandika alama kuwa ni za wageni, ili ambaye hajawahi kuchangia apate pa kuanzia. Vijana wanaoandika programu hapa Mbeya, wakiwemo waliopitia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) pale Iyunga, hawakubaliani juu ya jambo hili, na wanaolipinga si wachoyo.

Hoja yao ni muda. Marekebisho ya mistari mitatu kutoka kwa mgeni humlazimu msimamizi asome, aeleze kwa nini hayajakaa sawa, asubiri, kisha asome tena, na mara nyingi halipwi chochote. Wanakumbusha pia Hacktoberfest, kampeni ya kuhamasisha watu kuchangia programu huria iliyoanzishwa na kampuni ya DigitalOcean mwaka 2014, ambapo aliyetuma kwenye miradi maombi manne ya mabadiliko mwezi Oktoba aliweza kupata fulana. Mwaka 2020 miradi ilifurika maombi ya kuongeza neno moja lisilo na maana kwenye ukurasa wa maelezo, hadi waandaaji wakabadili kanuni mwezi huohuo: mradi usiokubali wenyewe kushiriki haukuhesabiwa tena. Watu waliumia kweli. Ila kilicholeta mafuriko yale ni fulana. Ukimwahidi mtu zawadi kwa idadi, atakuletea idadi. Anayeitumia programu yenyewe kila siku huja kwa sababu nyingine kabisa.

Ninachoona hakijaeleweka ni hiki: mgeni ana kitu ambacho mzoefu amekwisha kukipoteza. Chukua mwongozo wa kuusimika mradi kwenye kompyuta. Aliyeuandika ana kila kinachohitajika kwenye mashine yake tangu miaka iliyopita, kwa hiyo hatua aliyoisahau haimkwamishi. Anaweza kuusoma mwongozo huo mara mia asione pengo. Anayeliona ni anayeanza sifuri, tena hupata nafasi hiyo mara moja tu. Akishafanikiwa, kesho yake naye halioni. Akiulizwa siku hiyohiyo alikwama wapi, mradi unapata taarifa isiyopatikana kwa njia nyingine yoyote. Asipoulizwa, hudhani tatizo ni yeye, hufunga laptopu, na pengo hubaki likimsubiri anayefuata.

Na kwetu pengo hilo lina bei. Mwongozo unaoagiza kupakua mazingira yote ya kazi unaweza kumaanisha gigabaiti kadhaa. Kwa mwenye intaneti ya faiba, hizo ni dakika za kunywa chai. Kwa mwanafunzi aliyepanga chumba na anayetegemea bando la simu, ni bando la wiki nzima. Mtandao ukikatika katikati na upakuaji ukaanza upya, amelipa mara mbili kabla hajaandika mstari mmoja. Msimamizi aliye Oslo au Berlin hana ubaya wowote, hajawahi tu kukutana na hali hiyo. Akija mtu wa Makete akaongeza aya mbili zinazoeleza jinsi ya kupakua toleo la karibuni tu bila historia yote ya mradi, jambo ambalo Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, inaliruhusu, amewasaidia wote wenye bando dogo, popote walipo. Wapo watakaosema hiyo si kazi ya programu. Mimi naiweka juu ya vipengele vingi vipya vinavyoshangiliwa.

Ujuzi wa namna hiyo unahitajika hata kwenye mifumo mikubwa. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa hapa Tanzania, ni programu huria. Mtandao ukipotea fomu ikiwa haijamalizwa kujazwa, anayejua kinachofuata ni aliyekaa mbele ya kompyuta hiyo wilayani.

Hoja nzito kuliko muda ni usalama. Mwezi Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alishangaa kuona kuingia kwenye seva kukichelewa kama nusu sekunde. Alipochimba, akakuta mlango wa siri wa kumwezesha mvamizi kuingia umepandikizwa kwenye xz, programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Aliyeupandikiza, kwa jina la Jia Tan, alikuwa mchangiaji mpya aliyejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili, hadi akakabidhiwa sehemu ya usimamizi wa mradi. Wengi huishia hapo na kusema: tazameni wageni. Lakini kisa kinaanzia nyuma zaidi. Lasse Collin aliubeba mradi ule karibu peke yake, bila malipo, na mwaka 2022 alikuwa ameandika wazi kwamba afya yake ya akili si nzuri. Shinikizo la kumtaka aongeze msimamizi lilimkuta amechoka na hana wa kumpokea mzigo. Sidai kwamba wageni wengi wangeuzuia udanganyifu ule. Nasema tu kukubali marekebisho ya mwongozo na kukabidhi funguo za mradi ni mambo mawili tofauti, na mradi wa mtu mmoja una macho machache mno ya kumchunguza anayekabidhiwa.

Kwa jambo moja nakubaliana kabisa na wanaopinga. Asiyeweza kujibu asibandike alama ya kukaribisha. Kijana akituma kazi yake ya kwanza na kukaa miezi bila neno, harudi, na huwaambia wenzake wasijisumbue. Mistari miwili ya kukataa, yenye sababu, ikija ndani ya wiki, inatosha. Nasi huku tusitume mabadiliko yaliyoandikwa na akili mnemba ambayo hatujayajaribu wenyewe, wala tusikimbilie mradi kwa sababu ya jina lake wakati hatuutumii.

Klabu za vyuo vya Mbeya na Iringa zinaweza kuanza Jumamosi moja tu. Wachague programu wanayoitumia tayari, mmoja aipakue kwa ajili ya wote, wagawane kwa flashi, kila mtu aisimike kwa kufuata mwongozo neno kwa neno, na aliyekwama aandike palepale alipokwama. Mwenzake ayasome aliyoandika kabla hayajatumwa.