Hapakuwa na Panya Ndani ya Suruali Yangu

Naomba wote wanaonitumia picha za paka waache. Simu imejaa, na hata mkuu wangu wa shule, mtu asiyecheka ovyo, amenitumia paka aliyevaa miwani. Najua habari hii imeanzia kwa shemeji yangu, ambaye aliirusha kwenye kundi la familia kabla sijashuka kitandani, akiandika kwamba mume wa dada yake aliingiwa na panya ndani ya suruali mbele ya wakwe zake. Panya hakuwepo. Kilichokuwepo ni Kilatini, nami naeleza nikiwa nimelala kifudifudi, kwa hiyo mtanivumilia herufi zikirukaruka.

Tulikuwa Newala, ukweni, tumekwisha kula ugali wa muhogo na mbaazi. Mnaonifuata hapa mnaujua ugonjwa wangu: nikisikia jina la maradhi, situlii mpaka nilifukue asili yake. Wakati wa kula nilikwisha kuwaeleza kwamba saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, na kwamba Wagiriki nao waliuita ugonjwa huohuo kaa, kwa kuwa mishipa iliyotuna kuuzunguka uvimbe iliwakumbusha miguu ya mnyama huyo. Nikaongeza kwamba ule upele wa malengelenge tunaouita mkanda wa jeshi, madaktari huuita zosta, ambalo katika Kigiriki cha kale lilikuwa jina la mkanda wa askari, yaani Wagiriki na sisi tuliona kitu kilekile bila kuulizana. Mke wangu akanifinya. Nilidhani ananipongeza.

Ndipo mtu mmoja akataja chikungunya, aliyoisikia redioni, akalitamka jina hilo kana kwamba limeshuka na meli bandarini Mtwara. Hapo sikuweza kujizuia. Niliwatangazia watu waliozaliwa juu ya uwanda wa Makonde kwamba neno hilo ni lao wenyewe. Kwamba ugonjwa huo, unaoletwa na mbu, ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko uliotokea hukuhuku kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953. Kwamba daktari Marion Robinson aliandika habari zake mwaka 1955. Na kwamba jina linatokana na kitenzi cha Kimakonde, kungunyala, yaani kukunjamana, kwa sababu maumivu ya viungo humkunja mgonjwa akatembea ameinama. Babu yake mke wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, ananisikiliza kwa adabu kubwa. Hakuna aliyenidokeza kwamba yeye mwenyewe aliugua katika mlipuko ule, akiwa mtoto.

Maelezo yangetosha. Mimi nikasimama ili nionyeshe.

Hapa twende polepole, maana shemeji amepapitia mbio. Niliweka mikono juu ya magoti, nikainama kidogo, nikasema, "Hivi." Watoto wakacheka, na mwalimu akishachekewa na watoto huwa hana breki, nikainama zaidi. Nikageuka ili waliokaa upande wa mkorosho nao wafaidike, bila kufikiri kwamba kwa kugeuka huko nilikuwa namwelekezea mama mkwe, ambaye tangu nioe sijathubutu hata kupishana naye mlangoni, upande wa mwili ambao mama mkwe haelekezewi. Wakati huohuo kiuno kikalia, ta, mlio mkavu kama wa ukuni unaovunjwa gotini. Nikajaribu kuinuka, mwili ukagoma. Nikajaribu walau kugeuka, ukagoma vilevile. Jasho la pua likawa linadondokea mkekani. Mbele ya macho yangu kifaranga kilidonoa punje ya mbaazi, kikanitazama, kikadonoa nyingine. Nyuma yangu palikuwa kimya. Kisha nikaisikia sauti ya mama mkwe, ya upole mno:

"Baba, bado unaonyesha?"

Baba mkwe akauliza kuna nini. Jibu lilikuwa jepesi: misuli imekaza. Lakini mimi nikizidiwa na maumivu, usomi nao hupanda. Jina la misuli katika lugha nyingi za Ulaya linatokana na neno la Kilatini musculus, lenye maana ya panya mdogo, na inasemekana ni kwa sababu msuli wa mkono ukikunjwa huonekana kama panya anayetembea chini ya ngozi. Hayo yote nilikusudia kuyasema. Kilichonitoka katikati ya kugumia ni, "Ni panya... panya mdogo tu... wa Kilatini." Hilo la mwisho hakuna aliyelisikia.

Shangazi alipanda juu ya kinu kwa wepesi ambao sikujua anao. Kijana mmoja akaja na mchi. Shemeji akavua kandambili, akanichapa paja la kulia, kisha la kushoto, akimwandama panya ambaye mpaka leo anaapa kwamba alimwona kwa macho yake akipanda. Babu peke yake hakuinuka. "Sisi tuliinama kwa homa," alisema, "huyu ameinama kwa maneno."

Yaliyofuata ni mafupi. Nilipakiwa kwenye bajaji katika umbo lilelile, ambalo kwa bahati linaenea vizuri ndani ya bajaji, nikapelekwa zahanati. Muuguzi akauliza, "Anaumwa na nini?" Kabla sijafungua mdomo, shemeji akajibu, "Na panya, dada." Ikaandikwa hivyo kwenye kadi, na sindano ya maumivu ikafuatiwa na nyingine, ya chanjo ya pepopunda.

Sasa, chanjo kwa Kiingereza na Kifaransa hupewa jina linalotokana na vacca, ng'ombe jike wa Kilatini, kwa sababu mwaka 1796 daktari Mwingereza Edward Jenner alichukua majimaji ya ndui ya ng'ombe kutoka mkononi mwa mkamua maziwa akamchanja nayo mtoto James Phipps. Maneno yalinifika mpaka kwenye meno. Lakini shemeji alikuwa bado ameshika kandambili yake, nami tayari nilikuwa na panya kwenye kadi na punda kwenye sindano. Ng'ombe nikamwacha malishoni.