Lafudhi haitoki kwa mama peke yake

Kuna maneno yamenichosha kabisa, "anabana pua", "anajifanya mzungu". Mtu karudi toka masomoni au kaishi Bujumbura miaka kadhaa, akifungua mdomo tu keshahukumiwa. Mimi naona tunawaonea.

Wengi tunaamini lafudhi ni ya lugha ya mama basi, yani Mhaya ataongea Kiingereza cha Kihaya na Mkikuyu cha Kikikuyu. Sawa, ila hiyo inaelezea vizuri lugha ya kwanza ya kigeni, ukifika ya tatu na ya nne mambo yanabadilika kwa sababu ukikwama kwenye sauti mpya kichwa mara nyingi kinakimbilia ile lugha nyingine ya kigeni, sio ya nyumbani. Mwaka 1998 watafiti wa lugha Sarah Williams na Björn Hammarberg waliandika kuhusu Williams mwenyewe, Mwingereza aliyekua anajua Kijerumani vizuri akaenda kujifunza Kiswidi. Mwanzoni Kiswidi chake kilisikika kama cha Mjerumani! Uingereza wake ulikuja kusikika baadae.

Jaribu hii. Weka kiganja karibu na mdomo useme "table" kwa Kiingereza kama wanavyosema London, utasikia pumzi inagonga mkono pale kwenye t. Sasa sema "table" ya Kifaransa, pumzi karibu haipo. Mbongo aliyekaa na Kiingereza miaka yote ya shule akianza Kifaransa anaweza kuingia na ile pumzi yake, (watu wa Mombasa hii wanaijua toka utotoni, paa wa porini ana pumzi, paa la nyumba halina).

Upande wa pili wapo ndugu zetu waliopita kwenye Kifaransa kwanza. Rwanda iliamua 2008 kuhamishia shule kwenye Kiingereza, kwahiyo wakubwa wengi kule walisoma kwa Kifaransa, na Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Kaa kikao kimoja na mtu wa Lubumbashi kule Kongo aliyezoea r ya kooni ya Kifaransa umsikilize Kiingereza chake, ile r inaweza kutokea kooni kama ya Paris wakati kwenye Kiswahili chake inaviringika kwenye ulimi vizuri tu. Hajifanyi, r ya kigeni aliyoizoea ndio hiyo.

Na hata lugha ya mama inasogea. Mtafiti wa matamshi James Flege mwaka 1987 alipima Wamarekani waliokua wanaishi Paris na Wafaransa wa Chicago, t zao za lugha zao wenyewe zilikua zimeshaanza kuelekea kwa wenyeji. Kwahiyo dada aliyekaa Ujerumani miaka kumi akirudi na Kiswahili kimebadilika kidogo, jamani muacheni aongee, mdomo umeishi kule na yeye.

Ninachotaka hasa ni walimu wa lugha waanze kumuuliza mwanafunzi ana lugha gani nyingine kabla ya kumsahihisha. Mwalimu wangu wa Kijerumani alifanya hivyo, aliposikia nina Kifaransa akaniambia ile ü inayosumbua darasa zima chukua u yako ya "tu" ya Kifaransa ulete hapa, na r yako usiiguse, iko karibu sana na yetu. Wenzangu wenye Kiingereza tu walihangaika na ile ü muhula mzima, na wao akawatafutia njia yao, sema i huku umebinua midomo kama unapiga mluzi.