Wapangaji Wawili, Saa Moja

Windows 10 ilipokoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kipakatalishi changu kikaonekana kizee mno kupokea Windows 11, niliamua kukitia Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kando ya ule wa zamani, ambao sikuthubutu kuufuta kwa sababu hesabu zangu zote za duka zimo humo. Ubuntu ni neno la ndugu zetu wa kusini, maana yake utu, nami nikajidanganya kwamba mfumo wenye utu hauwezi kumtesa mtu mzima.

Nilianza kwa kununua DVD ya kuusakinishia, pale Mwembe Tayari, Mombasa. Nilipofika nyumbani Kibokoni niligeuza mashine juu chini kama chapati, nikapapasa kila ubavu, nikakuta tundu la chaja na la flashi, lakini pa kutia sahani hapakuwapo. Mama Zuhura, aliyekuwa akikaanga mahamri, alinikumbusha kwa upole kwamba nimekaa na mashine hiyo miaka minane.

"Mjomba, siku hizi ni flashi," akasema mpwa wangu. Flashi yangu ya GB 16 ilikuwa tupu, na faili la Ubuntu lina GB 5 na ushei, lakini flashi ikalikataa. Kumbe imepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja la zaidi ya GB 4 hata nafasi ikiwa tele, sawasawa na matatu ya abiria 14 isiyo na mtu ndani, ambayo kondakta wake anamzuia abiria asipande kwa kuwa ni mnene. Tena kulinakili tu kusingefaa. Faili hilo huandikwa kwa programu kama Rufus, ndipo mashine ikubali kuwakia kwenye flashi.

Halafu kuna kitufe cha kubonyeza mashine inapowaka. Kampuni hii hutumia F2, ile F12, nyingine Esc, na muda unaopewa hautoshi kumaliza bismillahi. Nilivibonyeza vyote kama mpiga kinanda harusini, na mara sita Windows ikanikaribisha tena.

Kusakinisha kwenyewe hakukuwa na kisa. Kisa ni saa. Ndani ya mashine mna saa moja tu, na wapangaji hawa wawili hawaelewani juu yake: Ubuntu huiweka kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, kisha hujiongezea saa 3 za Afrika Mashariki inapotuonyesha, ilhali Windows huisoma vilevile ilivyo na kuamini ndiyo saa ya hapa. Kwa hiyo nikitoka Ubuntu nikaingia Windows bila intaneti ya kuisahihisha, nabaki nyuma saa 3.

Alhamisi nilikuwa nimefunga. Nililala baada ya adhuhuri, nikaamka, nikawasha mashine, nayo ikaandika 3:35. Adhana ikaanza. Nikashukuru kwamba alasiri haijanipita, kiza cha uchochoroni nikakisingizia wingu la mvua, na nilipofika msikitini nikawakuta wazee wanatafuna tende, nusura niwakemee kwa kula mchana.

Mpwa wangu anasema dawa yake ni amri ya mstari mmoja tu, na ameahidi kuja kesho kuiandika, saa tatu. Nilikata simu bila ya kumuuliza ni saa tatu ya nani.