Si mapambo ya sebuleni

Mwandishi wa makala niliyoisoma ameziita modeli za merikebu za kale "mapambo ya sebuleni". Hapo sikubaliani naye kabisa. Zile za jeshi la majini la Uingereza za karne ya 17 kwa kawaida zilichongwa kwa kipimo cha 1 kwa 48, na nyingi ziliachwa bila mbao sehemu ya chini ili mataruma, yaani mbavu za merikebu, yaonekane moja moja. Hicho ni kielelezo cha kazi ya mafundi, si pambo.

Kinachoniuma zaidi ni mwandishi huyo kuwasahau wafungwa wa vita wa Kifaransa waliozuiliwa katika kambi ya Norman Cross, Uingereza, kati ya 1797 na 1814. Walikusanya mifupa ya nyama ya mgao wao, wakaisafisha, wakaipasua vipande vyembamba kama njiti, kisha wakavipigilia ubavuni mwa modeli zao za merikebu kwa misumari midogo ya shaba. Nyingine zina mizinga inayorudi ndani ukivuta uzi! Walikuwa wakiziuza wapate chochote. Jumba la makumbusho la Peterborough linahifadhi kazi nyingi za mikono yao. Ukiiona moja, inama uangalie ubavu wake, mistari ya mifupa imekaa sambamba mpaka omoni, mbele kabisa.