Stelingi Akifa: Picha Tano za John Woo Nilivyozipanga

Kwenye banda la video la mjomba, pale Kibirizi, Kigoma, picha hazikuwa na majina. Kila moja ilijulikana kwa kitu kimoja ambacho watu walitoka nacho nje: lile la koti, lile la njiwa, lile la hospitali, lile la sura, lile la fuvu. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni na kopo la maziwa ya unga, nakusanya hela. Mteja akifika anauliza, "Leo lipi?" Namjibu, "La njiwa," basi anaingia au anarudi zake.

Nimeshakuwa mtu mzima, nahamia Mwanga, nina simu yenye intaneti, ndipo nikajua kwamba yote matano yametoka mikononi mwa mtu mmoja. Anaitwa John Woo, mwongozaji wa filamu. Alizaliwa Guangzhou mwaka 1946 akakulia Hong Kong, kwenye umaskini wa kweli. Krismasi ya mwaka 1953 moto mkubwa wa Shek Kip Mei uliteketeza makazi ya maelfu ya watu, na ya kwao yakiwemo. Ada yake ya shule ilikuja kulipwa na familia moja ya Marekani kwa kupitia kanisa. Nilipolisoma hilo nikaelewa kwa nini kwenye picha zake watu wanakimbilia kanisani hata wakiwa na bastola mbili mikononi.

Banda letu lilijaa wakati wa mbalamwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa gizani: unawasha taa, wanaufuata mwanga, unawazungushia wavu. Mwezi ukiwa mpevu taa inakosa nguvu, mitumbwi inalala mwaloni, na wavuvi wanakuwa na usiku mzima mikononi. Hapo mjomba anawasha jenereta. Mikanda yake mingi ilikuja kwa boti kutoka Bujumbura, imeingizwa sauti za Kifaransa, naye Kifaransa cha sokoni alikuwa nacho. Alisimama kando ya televisheni na fimbo ya mwanzi akitafsiri, na pale asipoelewa alitunga.

Sheria ya banda ilikuwa moja, kila mtoto wa Kitanzania wa zama zile anaijua: stelingi, yaani shujaa wa picha, hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni, lakini mwisho atarudi na adui atakoma. John Woo ndiye aliyekuja kuivunja sheria hiyo mbele ya macho yetu. Nakumbuka wanaume waliokuwa wanavuka mawimbi ya usiku bila kutetereka wakikataa kutoka bandani, wanamwambia mjomba mkanda haujaisha, ageuze upande.

Kwa hiyo sipangi kwa wingi wa risasi. Ningepanga hivyo, orodha ingekuwa fupi na mjadala ungekwisha jioni moja. Ninachopima ni deni. Katika kila picha nzuri ya Woo kuna mtu anadaiwa na rafiki yake, na mimi naangalia alivyolilipa au alivyolikimbia.

Kwa kipimo hicho, Hard Target la mwaka 1993, la kwanza alilotengeneza Marekani, haliingii, ingawa lilijaza banda kuliko yote kwa sababu ya Van Damme. Mateke yake yanapendeza, ila watu walitoka wakicheka na kurushiana mateke njiani, asubuhi hakuna anayelizungumzia. Mission: Impossible 2 la mwaka 2000 nalo naliacha.

La tano ni lile la sura, Face/Off, mwaka 1997. Askari anavalishwa uso wa jambazi aliyemuua mtoto wake, na jambazi anaamka anaudai uso wa askari. John Travolta na Nicolas Cage kila mmoja anamwigiza mwenzake, na mjomba alipata taabu kubwa kutafsiri: ilibidi aanze kila sentensi kwa "huyu si yule, huyu ni yule mwingine." Kuna pahali mtoto mdogo amevalishwa hedifoni, anasikiliza wimbo mtamu huku nyumba nzima inapigwa risasi kumzunguka. Ni pazuri sana. Lakini hawa wawili ni maadui toka mwanzo, na chuki ni deni jepesi.

La nne ni la hospitali, Hard Boiled, mwaka 1992. Najua wengi wataniona nimekosea kuliweka chini hivi. Chow Yun-fat ni askari anayeitwa Tequila, Tony Leung Chiu-wai ni askari aliyejificha ndani ya genge la majambazi. Linaanzia kwenye mgahawa wa chai ambapo wazee wamekuja na ndege wao kwenye vizimba, na dakika chache baadaye hakuna kikombe kizima. Hospitalini kuna sehemu kamera inawafuata hao wawili kwa karibu dakika tatu bila kukata. Wanapigana, wanaingia kwenye lifti, wanatoka ghorofa nyingine, wanaendelea. Kumbe lifti haikwenda popote. Wakati milango imefungwa mafundi walikuwa wanapangua na kupanga upya korido ileile ili ionekane nyingine. Nimelirudia mara nyingi na kila mara moyo unanidunda.

Hata hivyo kinachonibakia ni ndege wa karatasi. Yule askari aliyejificha anakunja ndege mmoja wa karatasi kwa kila mtu aliyemuua, kazi ikiwa imemlazimisha. Ningetamani picha nzima ikae na mtu huyo na ndege wake. Woo alitaka milipuko zaidi, na milipuko alitupa.

La tatu ni la koti: A Better Tomorrow, mwaka 1986. Huku wengi huliweka namba moja, na nawaelewa. Chow Yun-fat, anayecheza Mark, amevaa koti refu na miwani myeusi, ana njiti ya kiberiti mdomoni, anawasha sigara kwa dola ya bandia. Vijana wa Hong Kong waliliiga koti lile pamoja na joto lao, na hata Kigoma nimemwona mtu amelivaa saa saba mchana, jasho linamtiririka, hajali.

Ninacholipendea hasa ni habari ya waliolitengeneza. Woo alikuwa amechoka, vichekesho vyake vya karibuni vilikuwa vimeanguka. Ti Lung, anayecheza kaka mkubwa, alikuwa nyota wa picha za upanga ambaye zama zake zilionekana zimepita. Chow alipendwa kwenye televisheni, lakini kwenye sinema watu walikuwa hawamfuati. Sasa hebu litazame tena ukijua hilo: Mark amevunjwa mguu kwa kumlipizia rafiki yake, rafiki yuko jela miaka mitatu, na yeye anafuta vioo vya magari ya watu aliokuwa akiwaamuru, anakula chakula kilichopoa amekaa chini kwenye maegesho. Anaposema amesubiri miaka mitatu arudishe kilichopotea, anasema kwa niaba ya wote watatu. Nao wakarudi kweli, filamu ikavunja rekodi ya mapato Hong Kong.

Mwishoni Mark yuko salama kwenye boti, na anageuza boti. Mjomba alipofika hapo aliacha kutafsiri. Mark anauawa sentensi yake haijaisha, akiwa anamfundisha mdogo wa rafiki yake maana ya kuwa ndugu. Ndiyo siku stelingi alipokufa Kibirizi.

La pili ni la njiwa, The Killer, mwaka 1989. Muuaji wa kukodiwa anamharibia macho mwimbaji wa klabu bila kukusudia, kisha anachukua kazi ya mwisho ili apate hela ya kumtibia. Kazi anaimaliza, malipo yanakuwa risasi. Tunaambiwa hii ni habari ya muuaji na askari anayemfukuza mpaka wakaheshimiana, na ni kweli, Chow na Danny Lee wanaifanya iaminike. Mimi namtazama mtu wa tatu, Sidney, rafiki aliyemleta Chow kwenye kazi hiyo na kumsaliti, ambaye baadaye anakwenda peke yake kwa bosi kuzidai zile hela. Anapigwa vibaya kuliko mtu anavyoweza kuvumilia, na hela anazileta. Pale ndipo nilipolia mara ya kwanza bandani, nimefunika uso kwa kopo.

Na mwisho wake! Sanamu ya Bikira Maria inavunjwavunjwa, Chow anapigwa macho yote mawili, yeye na yule mwimbaji wanatambaa kutafutana, vipofu wote wawili, wanapishana. Ni ukatili, na sijaona mwisho mwingine uliolipa deni kwa usawa wa kutisha namna hiyo.

La kwanza ni lile la fuvu. Bullet in the Head, mwaka 1990.

Mwaka ni 1967, vijana watatu wa mitaa ya hali ya chini Hong Kong, Ben, Frank na Paul. Siku ya harusi ya Ben, Frank anakopa hela ya karamu, wahuni wanamvamia njiani, anafika arusini na damu kichwani lakini hela anazo. Wanamlipizia, mtu anakufa, wanakimbilia Saigon, Vietnam, na mzigo wa magendo wakiamini kwamba penye vita pana biashara. Sisi tunaokaa kando ya ziwa hili tunayajua maneno hayo. Tumewaona vijana wakivuka kwenda ng'ambo wakati wa vita kwa hesabu hiyohiyo, na tumewaona wakimbizi wakiteremka kwenye boti.

Saigon wanakutana na sanduku la dhahabu, na Paul anabadilika. Hafanywi shetani ghafla. Anaanza kulikumbatia sanduku, kisha analiangalia kabla ya kuwaangalia wenzake, mpaka siku Frank analia kwa majeraha, adui yuko karibu, Paul anaogopa watasikika. Anampiga Frank risasi ya kichwa. Frank hafi. Anaishi na risasi ndani ya fuvu, anakuwa mtu wa madawa na wa kuua kwa kulipwa, na Jacky Cheung anamwigiza kwa namna ambayo siwezi kuitazama mfululizo. Ben ndiye anayemmaliza, kwa huruma, kisha analipeleka fuvu lake mezani kwa Paul, ambaye sasa ni mtu mkubwa wa suti.

Filamu hii haikufanya vizuri sokoni ilipotoka. Ni ndefu, ina makelele, haimpi mtu pa kupumzikia. Lakini ndiyo pekee kati ya hizi tano inayothubutu kusema kwamba rafiki anaweza kukuuza kwa kitu kinachobebeka, na kwamba hata ukimlipiza, uliyempoteza harudi.

Mjomba aliiweka mara mbili tu. Banda hakulianzisha peke yake, walichangishana na rafiki yake wa toka utotoni, televisheni huyu, jenereta yule. Rafiki alivuka ziwa na hela ya kununua deki mpya, hakurudi. Toka hapo mteja akiuliza kuhusu la fuvu, mjomba alijibu mkanda umeliwa na deki. Mkanda ulikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa naupangusa vumbi.

Mwaka jana nilimtembelea Ujiji, nikampa shikamoo, nikamwonyesha orodha hii. Yeye anaweka la njiwa kwanza. Tulibishana mpaka chai ikapoa, halafu akanyamaza kidogo akaniuliza, "Mjomba, la fuvu unalo humo kwenye simu?" Nilikuwa nalo. Mwanzoni kabisa wale vijana watatu wanashindana kwa baiskeli, wanacheka, hawajui chochote. Tulipofika Saigon aliweka kidole kwenye kioo.

"Rudisha pale kwenye baiskeli," akasema.

Nikarudisha. Tuliiangalia sehemu ile mara nne.