Taa nyekundu ya kompyuta na mwanafunzi wa Kigoma

Nilipokuwa nasoma shahada kwa masafa huku nikifundisha sekondari Kasulu, kundi letu lilikuwa la watu watano na modemu moja. Mwenye modemu alikuwa dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Usiku, bando likiwa nafuu, aliingia kwenye mfumo wa chuo akapakua mihadhara, kazi na matangazo. Jumamosi tuligawana kwa flashi, tukasoma pamoja mpaka jioni. Kompyuta ya chuo ingeulizwa habari zetu, ingejibu kwamba kundi lile lina mwanafunzi mmoja mwenye bidii na wavivu wanne.

Hao wavivu wanne tulihitimu. Aliyedisko ni yule dada.

Mwaka wa pili alijifungua, akaenda kwa mama yake Kakonko, modemu akatuachia. Tulidhani anasoma kwa simu. Kumbe ada ilikuwa imemshinda, naye hakujua kwamba kuna fomu ya kuahirisha masomo. Tulikuja kushtuka wakati wa mitihani, jina lake halimo. Miezi yote ile akaunti yake ilikuwa kimya, na kumbukumbu za ukimya huo zilikuwapo chuoni. Hakuna aliyezitazama.

Namkumbuka kila ninaposoma habari za uchambuzi wa takwimu za ujifunzaji, yaani kukusanya alama ambazo mwanafunzi huziacha kwenye mfumo (ameingia lini, amefungua nini, amewasilisha kazi au la) ili kumtambua mapema aliye hatarini. Watafiti wa uwanja huu walifanya mkutano wao wa kwanza wa kimataifa Banff, Kanada, mwaka 2011. Kwetu jambo hili linasogea. Ujenzi wa vyuo unafika mikoani kwa HEET, mradi wa serikali wa kukuza elimu ya juu, na Kigoma inapata kampasi ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Wauzaji wa mifumo hawatachelewa.

Wanaotetea teknolojia hii wana hoja nzito, na dada yule ni ushahidi wao. Mkufunzi mwenye wanafunzi mia tatu waliotawanyika toka Kibondo hadi Kalya hawezi kuwakumbuka wote kwa kichwa. Chuo Kikuu cha Georgia State cha Marekani kilianza mwaka 2012 kufuatilia zaidi ya viashiria 800 vya hatari kwa kila mwanafunzi, na wanaohitimu waliongezeka. Lakini tukisimulia habari ya chuo kile tusiache nusu yake: kiliajiri pia makumi ya washauri wa masomo. Kompyuta ilionyesha jina, kisha mtu akamwita mwanafunzi wakakaa wakazungumza. Nani aliyefanya kazi kubwa hapo, ni vigumu kutenganisha.

Purdue, chuo kingine cha Marekani, kilikuwa na mfumo ulioitwa Course Signals. Kila mwanafunzi aliwekewa taa, ya kijani, ya njano au nyekundu, kwa kupima alama zake, historia yake, na juhudi zake mtandaoni zikilinganishwa na za wenzake. Chuo kikatangaza kwamba waliosoma kozi nyingi zenye taa hizo walibaki chuoni zaidi. Mwaka 2013 wachambuzi, akiwemo Mike Caulfield, wakauliza swali ambalo hata mwanafunzi wa kidato cha nne angeliuliza: je, walibaki kwa sababu ya taa, au walikutana na kozi nyingi zenye taa kwa sababu walibaki? Aliyeacha mapema hakupata nafasi ya kuzikusanya kozi hizo. Madai yale hayakupata jibu la kutosha, na wakati huo habari za mafanikio zilikuwa zimekwishasambaa. Mkufunzi wa Kigoma ana sababu ya kufuatilia mijadala ya namna hii. Asipoifuatilia, atakayefika kwake ni muuzaji, naye ataleta tangazo bila swali.

Mimi nasimama kwenye yale maneno "zikilinganishwa na za wenzake". Ukinilinganisha na mwanafunzi wa Dar es Salaam mwenye intaneti ya bure hosteli, mimi ni mwekundu tangu wiki ya kwanza. Ukimlinganisha yule dada na yeye mwenyewe, aliyekuwa akiingia kila wiki na ghafla yuko kimya, utaona jambo. Data ni zilezile, kipimo ndicho kilichobadilika. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kililigusa hili katika sera yake ya mwaka 2014: mwanafunzi asichukuliwe kuwa ni zile data zake zinazoonekana tu. Kwa mtu wa Kagunga anayesafiri kwa boti na kusoma kwa makaratasi yaliyochapwa stesheneri, sehemu kubwa ya masomo yake haionekani.

Halafu kuna hofu ya matumizi mabaya, nayo si ya kubuni. Chuo cha Mount St. Mary's, Maryland, kiliingia kwenye kashfa mwaka 2016 ilipofichuka kwamba mkuu wake alitaka majibu ya dodoso la wanafunzi wapya yatumike kuwabaini dhaifu, waondolewe mapema ili takwimu za chuo zipendeze. Alijiuzulu. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kupinga uamuzi unaomhusu uliofanywa na mashine peke yake. Ni kinga nzuri, ila mwanafunzi asiyejua kuwa kuna fomu ya kuahirisha masomo ataijuaje sheria hii?

Mimi nakubali mifumo hii ije, kwa sharti moja ambalo nisingelilegeza. Bajeti yake iwe na mshahara wa mtu wa kupiga simu, na mtu huyo awe na mamlaka ya kutoa fomu, kusikiliza habari za ada na kumwandikia mkufunzi. Chuo kikikosa fedha za mtu huyo, kisinunue taa. Yule dada namba yake ilikuwa hewani muda wote. Tulipompigia baada ya mitihani, alipokea mlio wa kwanza.